Jinsi ya Kumpiga Mbwa Wako Picha Nzuri ya Uso: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Fungua simu yako utafute picha za mbwa wako. Kama wewe ni mfugaji wa kawaida wa Dar es Salaam, nyingi zitakuwa za aina moja: umepiga ukiwa umesimama, mbwa yuko miguuni pako anatazama juu, kichwa kikubwa, mwili mdogo, na nyuma yake kuna ndoo, kandambili na mpira wa kumwagilia maua. Za usiku ndiyo usiseme, dude jeusi lenye macho ya kijani linalowaka kama limetoka kuzimu. Halafu tunaisingizia simu.

Simu ya bei ya kati inatosha kabisa kutoa picha ya kutundika sebuleni. Kuanzia saa ya kupiga hadi karatasi ya kuchapishia, kila uamuzi upime kwa swali moja: macho yake yanaonekana? Manyoya yakipoteza ukali kidogo hakuna atakayelalamika, mkia ukikatwa na fremu si neno. Macho yakizama gizani, picha imekwisha.

Anza na saa

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua letu hupanda haraka na mchana hukaa utosini. Mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye tarehe 10 Oktoba hivi, hupita wima kabisa juu ya vichwa vyetu saa sita na kitu. Jua la namna hiyo humwangukia mbwa kwenye fuvu. Paji la uso linang'aa, pua inang'aa, na macho yanabaki mashimo mawili ya kivuli. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo baadaye.

Jua la hapa huchomoza kati ya saa 12 kasoro na saa 12:40 asubuhi, kutegemea mwezi. Muda wako mzuri ni tangu hapo hadi kama saa 2, halafu tena kuanzia saa 11 jioni hadi linapozama. Mimi nachagua asubuhi bila kusita, na sababu ni mbwa mwenyewe. Mbwa wengi wa mjini hapa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde. Alfajiri ameshazunguka uwanja mpaka ametosheka, katulia, na joto halijamfanya ahangaike kuhema, ulimi nje nusu mita. Jioni mambo ni mengine: ukifungua tu banda, nguvu zote za kutwa zinakujia kifuani. Ukilazimika kupiga jioni, mwache akimbie robo saa kwanza, anywe maji, apumzike, ndipo utoe simu.

Siku za mawingu usizidharau. Wingu zito la masika, Machi hadi Mei, hutandaza mwanga laini pande zote, na unaweza kupiga hata saa 5 asubuhi bila kuogopa vivuli vikali. Kwa mbwa mweusi, kwangu hizo ndizo siku bora za mwaka.

Na jambo moja la Dar: ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kwenda uani, lenzi inashika ukungu papo hapo kwa unyevu wa hewa. Itoe simu au kamera nje mapema, iache ndani ya mfuko uliofungwa kama dakika 15 izoee joto, kisha ufute lenzi kwa kitambaa laini. Ile alama ya kidole chenye mafuta ya maandazi ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko uduni wa simu wenyewe.

Mahali: tafuta kivuli kinachotazama mwanga

Huhitaji kwenda popote. Kibaraza cha nyumba yako, chini ya paa, mbwa akiwa hatua moja ndani ya mstari wa kivuli na uso wake ukielekea uwanjani, hiyo ni studio tayari. Mwanga wa anga unaingia kutoka mbele, jua lenyewe halimgusi. Mlango uliofunguliwa au pembeni mwa nyumba upande usio na jua, kazi ni ileile.

Kujua kama umepata, chuchumaa mbele yake utazame jicho moja kwa karibu. Kwenye sehemu ya juu ya mboni utaona doa jeupe lililojipinda: ni anga, pamoja na ukingo wa paa, na ukitazama vizuri zaidi utajiona na wewe mwenyewe, mtu mdogo mweusi katikati. Doa hilo ndilo linalofanya jicho lionekane hai kwenye picha. Ukikuta jicho jeusi tupu, mgeuze mbwa taratibu, au zunguka wewe, mpaka doa litokee. Mazoezi haya hayahitaji hata kupiga picha, na ukiyazoea utaanza kuona mwanga kwenye macho ya watu ndani ya daladala.

Sakafu nayo inasaidia. Saruji nyeupe au mchanga hurudisha mwanga juu, kwenye kidevu na chini ya macho. Kama sakafu yako ni nyeusi au ni nyasi, tandika shuka jeupe mbele ya mbwa nje ya fremu, au mpe mtu ashike karatasi ya manila nyeupe usawa wa kifua cha mbwa. Tofauti utaiona hapohapo.

Jihadhari na mwembe. Kivuli chake kinavutia, lakini jua hupenya kati ya majani na kumwachia mbwa madoadoa usoni, moja juu ya jicho, jingine puani. Ama msogeze ndani kabisa kwenye kivuli kizito, ama achana na mwembe.

Mandhari ya nyuma ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tunaiona tukishafika nyumbani na picha. Kamba ya nguo inayopita katikati ya kichwa, waya wa umeme unaoota masikioni, mistari ya mabati inayovuta jicho la mtazamaji kuliko mbwa. Ondoa unachoweza kuondoa, kisha msogeze mbwa mbali na ukuta, mita tatu au zaidi. Umbali huo unasaidia kulainisha ukuta usishindane na mbwa. Geti la bluu lililopakwa rangi moja ni zuri sana nyuma ya mbwa wa rangi ya udongo, wale mbwa wetu wa kienyeji. Ukuta wa tofali nyekundu unammeza. Ua la michongoma la kijani linakubali karibu mbwa wote.

Ukitaka ufukwe, kumbuka pwani yetu inatazama mashariki. Coco Beach, Mbezi, Kigamboni, kote huko jua la asubuhi linatokea baharini. Ukimweka mbwa na bahari nyuma yake asubuhi, jua linakuwa mgongoni kwake na uso unaingia giza. Utapata umbo jeusi, zuri kwa njia yake, ila macho hayapo. Kwa hiyo bahari nyuma, nenda jioni: jua linashuka upande wa mjini, linampiga usoni, na maji yanabaki rangi laini. Ukienda asubuhi, ipe bahari mgongo wewe mwenyewe na umwache yeye atazame majini.

Nenda siku za kazi. Jumapili Coco Beach imejaa watu, mihogo na watoto, na mbwa hatakusikiliza. Mshike kwa kamba wakati wote, awe amechanjwa kichaa cha mbwa kwa wakati, na ukae mbali na watu: wengi hawataki kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu ya dini, na wana haki yao. Mchanga uguse kwa mgongo wa kiganja chako kabla hajaukanyaga. Kama huwezi kuuvumilia sekunde kadhaa, nyayo zake nazo haziwezi.

Kumwandaa, bila kumtisha

Mpanguse tongo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kona ya ndani ya kila jicho. Mpige brashi kifuani na shingoni. Angalia kupe masikioni, maana lenzi itawaona kabla yako. Mvue mnyororo mzito, mvalishe mkanda wa shingoni ulio safi. Basi, hayo yanatosha. Kumwogesha siku hiyohiyo kunamwacha na manyoya ya ajabu na hasira.

Kazi kubwa ni kumzoesha simu. Kitu cha mraba kinachonyanyuliwa mbele ya uso wake hakieleweki, na mbwa wa hapa ana sababu nyingine ya kuwa na wasiwasi: amejifunza mtaani kwamba mtu akiinama ghafla anaokota jiwe. Watoto humfukuza mbwa kwa ishara tu ya kuinama, bila jiwe lolote mkononi. Sasa wewe unataka kushuka chini umpige picha, na yeye anasoma mwendo uleule. Utamwona anarudi hatua mbili, masikio yamelala, mkia umefyatwa. Watu husema mbwa wangu hapendi picha. Anapenda tu kubaki mzima.

Dawa yake: kaa chini kwanza, kabla hajafika. Keti sakafuni, egemea ukuta, simu mapajani, mwite aje. Akifika mpe kipande cha maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa mbwa. Vipande viwe vidogo kama punje ya mahindi, ameze haraka asibaki anatafuna. Nyanyua simu, mpe kipande. Shusha simu. Nyanyua tena, mpe. Fanya hivyo jioni mbili tatu bila kupiga picha yoyote, na simu itageuka habari njema.

Wakati wa kupiga, jifunze kusoma dalili za kuchoka. Akipiga miayo bila usingizi, akilambalamba pua bila chakula, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukichungulia pembeni, anakuomba uache. Acha. Dakika kumi za mbwa mwenye furaha zinatoa picha nyingi kuliko saa nzima ya kumshika kwa nguvu.

Shuka usawa wa macho yake

Hii ndiyo hatua inayobadilisha picha kuliko zote, na ni bure. Lenzi iwe usawa wa macho yake au chini kidogo. Kwa mbwa mkubwa inatosha kukaa sakafuni; kwa mdogo, lala kifudifudi juu ya mkeka, na usijali jirani anayechungulia juu ya ukuta. Mpiga picha Elliott Erwitt, mwaka 1974 huko New York, alishusha kamera hadi usawa wa mbwa mdogo aliyevaa kofia, na binadamu na mbwa mkubwa waliokuwa pembeni wakabaki miguu tu kwenye fremu. Picha hiyo inachekesha hadi leo, na siri yake yote ni urefu wa kamera.

Usimsogelee sana. Lenzi pana ya simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Inachekesha mara ya kwanza, baada ya hapo inachosha. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, tumia lenzi ya 2x (inayokuza mara mbili) kama simu yako inayo, la sivyo piga hivyohivyo na ukate kingo baadaye. Kuvuta kwa vidole kwenye simu isiyo na lenzi ya pili kunapunguza ubora tu.

Acha nafasi upande anakotazama. Akitazama kushoto, awe kulia kwa fremu. Washa mistari ya gridi na uweke macho karibu na mstari wa juu. Masikio yaingie yote au yakatwe waziwazi. Ncha ya sikio iliyokatika kidogo inaonekana kama bahati mbaya.

Mipangilio, kwa ufupi

Kwenye simu: gusa jicho lililo karibu nawe na ushikilie kidole mpaka fokasi, yaani ukali wa picha, ijifunge hapo. Alama ya jua itatokea, ishushe au uipandishe kurekebisha mwanga. Zima flashi. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga ili aone vizuri gizani, na ndio unaowaka kijani au njano ukimmulika. Modi ya potreti, ile inayofifisha mandhari ya nyuma, ijaribu, ila chunguza ukingo wa masikio na sharubu kwani mara nyingi inavila. Kwa mandhari laini ya uhakika, tegemea zile mita tatu kutoka ukutani. Piga picha nyingi kwa mfululizo, kwa sababu mbwa hupepesa na kugeuka kuliko unavyodhani.

Kwenye kamera: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isiwe chini ya 1/250 ya sekunde akiwa ameketi, na 1/1000 akikimbia. Upenyo wa lenzi, yaani tundu la kuingizia mwanga, anza na f/4; namba ikiwa ndogo zaidi, tundu ni kubwa na sehemu iliyo kali ya picha inakuwa nyembamba. Wanaoanza hununua lenzi ya 50mm f/1.8, uamuzi mzuri, halafu hupiga kila kitu kwa f/1.8, jicho linakuwa kali, pua na masikio yanayeyuka, hasa kwa German Shepherd mwenye mdomo mrefu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Kamera nyingi mpya zina uwezo wa kutafuta jicho la mnyama zenyewe, uwashe.

Kumfanya akutazame

Andaa kila kitu kwanza, fokasi na fremu, ndipo utoe sauti. Sauti mpya hufanya kazi mara moja au mbili, baada ya hapo mbwa anaizoea na hajali tena. Mluzi wa chini, mlio wa kuku, kukwaruza pakiti ya biskuti, kila moja itumie mara moja uiweke akiba. Anainua masikio, anainamisha kichwa pembeni, una kama sekunde moja. Sauti kali kuliko zote kwa mbwa wa Dar ni funguo za geti. Masikio yanasimama wima hapohapo, macho yanafunguka. Tatizo ni kwamba nusu sekunde baadaye atakuwa anakimbilia getini kumpokea baba mwenye nyumba ambaye hayupo, kwa hiyo ziache kwa picha ya mwisho.

Ukiwa na msaidizi, mdogo wako au dada wa nyumbani ambaye mbwa anamzoea, asimame nyuma yako kabisa, kipande cha nyama kikiwa juu kidogo ya lenzi. Akisimama pembeni, macho nayo yataenda pembeni. Mwanasesere akitumika, awe wa bluu au njano. Mbwa huona vizuri rangi hizo mbili. Mpira mwekundu kwenye nyasi kwake ni kitu kilichofifia.

Usimng'ang'anize kutazama kamera kila picha. Anapogeuka kusikiliza adhana, muuza samaki au pikipiki inayopita, uso unabadilika, na hapo ndipo mwenye mbwa huguna na kusema huyu ndiye yeye.

Mweusi na mweupe

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, basi tukae kidogo. Simu hupima mwanga kwa kudhani kila kitu kina weusi wa wastani. Mbwa mweusi akijaza fremu, simu inaona giza, inaongeza mwanga, na mweusi wako anatoka kijivu, kama kanzu nyeusi iliyofuliwa mara nyingi. Shusha alama ya jua kidogo. Kwenye kamera, tumia kitufe cha +/- cha kurekebisha mwanga, punguza hadi -0.7 au -1. Lakini mbwa huyohuyo akiwa mdogo kwenye fremu, na nyuma yake kuna anga au ukuta mweupe, simu inaona mwanga mwingi, inapunguza, na yeye anageuka kivuli. Hapo unapandisha. Njia rahisi ya kuepuka mahesabu hayo ni kumweka mweusi mbele ya kitu cha wastani, ua la kijani au ukuta wa saruji, kwenye kivuli kinachotazama mwanga, na shuka jeupe chini yake. Kisha kuza picha uangalie: unaona mstari kati ya mboni na rangi ya kahawia inayoizunguka? Unaona nyusi? Basi umepata.

Mweupe ni kinyume chake. Juani anaungua, manyoya yanakuwa karatasi tupu, na kilichoungua hakirudi hata ukihariri usiku kucha. Asubuhi mapema au kivulini tu, na mwanga ushushe kidogo kila ukiona manyoya ya kifuani yamepoteza nyuzi.

Kuchagua, kusafisha, kuchapisha

Futa kwa ukatili. Kuza kila picha hadi kwenye jicho. Lisipokuwa kali, futa, hata kama mkao ni mzuri mno. Zikibaki tatu kati ya mia umefanya kazi.

Kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha ambayo haina malipo, nyoosha picha, kata kingo, ongeza mwanga kidogo kwenye macho peke yake, basi. Ukiyang'arisha sana anakuwa katuni. Ute wa mdomoni na nyasi moja puani unaweza kuviondoa. Kovu la sikioni liache, ni lake.

Ukitaka kuchapisha, usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kwa sababu inapunguzwa ubora. Itume kama faili, au peleka kwenye memori kadi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 ili itoke kali. Ya inchi 8 kwa 10 inahitaji 2400 kwa 3000. Chagua karatasi isiyong'aa, hasa kwa mbwa mweusi, maana ile inayong'aa itakuonyesha dirisha la sebule yako badala ya macho yake. Na mwambie kijana wa studio mapema asiongeze mwanga wowote. Mashine nyingi huongeza zenyewe, na mweusi uliyemhangaikia asubuhi nzima atatoka kijivu. Achape moja ndogo kwanza, uitoe nje uitazame kwenye mwanga wa mchana, ndipo ulipie kubwa.